Mwongozo Kamili wa Kuandaa Siku ya Lishe Kijijini Hadi Chakula cha Mtoto Kibadilike

Mahema yalifungwa, spika ziliwika, mgeni rasmi alihutubia, fulana zikagawiwa. Wiki 3 baadaye ukipita kwenye kaya zile zile unakuta mtoto wa miezi 9 anakunywa uji mwepesi wa mahindi matupu, vile vile kama kabla ya sherehe. Lalamiko hili linajirudia kwa vikundi vya akina mama, vijana wa kanisani na msikitini, wahudumu wa afya na mashirika madogo yanayojitolea kuelimisha jamii kuhusu utapiamlo. Watu wanakuja, wanapiga makofi, wanaondoka, na jikoni hakuna kilichobadilika.

Mifano ya mwongozo huu nimeitoa Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, maana huko tatizo linaumiza kichwa zaidi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 kati ya kila 100 wa chini ya miaka 5 nchini wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wao. Iringa walikuwa 57, na Njombe na Rukwa takriban 50. Mikoa hiyo hiyo ndiyo inayolisha miji kwa mahindi, maharage na viazi, na maparachichi ya Njombe yanasafirishwa hadi nje ya nchi. Utafiti huo pia ulikuta wanawake 42 kati ya 100 wenye umri wa kuzaa wana upungufu wa damu. Kwa hiyo hotuba ya "limeni chakula cha kutosha" haigusi kidonda.

Kinachogusa ni mzazi kuona kwa macho yake, kupika kwa mikono yake, kisha kutembelewa nyumbani kwake. Hatua zote zilizo hapa chini zinatumikia hayo matatu.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kutangaza tarehe

- Tepe za MUAC za kupimia mkono wa mtoto, angalau 2 kwa kila anayepima.
- Mizani ya watoto na ubao wa kupimia urefu. Azima zahanati, pamoja na mtu aliyefundishwa kuvitumia.
- Fimbo 2 zilizonyooka, moja ya sm 87 na nyingine ya sm 81. Kazi yake utaiona hatua ya 6.
- Kikombe cha ml 250, kijiko cha chakula, mabakuli madogo, sufuria 2, mwiko, chungio, kinu na mchi.
- Chakula kinachopatikana kijijini wiki hiyo. Usilete cha mjini.
- Kibuyu chirizi, yaani chombo cha kunawia kwa maji yanayotiririka, na sabuni.
- Daftari moja la kudumu na karatasi za rufaa za zahanati.
- Turubai au kivuli cha mti, na mikeka ya kukalia.
- Watu: muuguzi mmoja, mhudumu wa afya wa kila kitongoji, akina mama 3 wa kupika ambao ni wakazi wa hapo hapo, na mwanaume mmoja ambaye wanaume wenzake humsikiliza.

Fulana, kofia na bendera si lazima. Kama fedha ni kidogo, nunua mayai, mafuta na sabuni kwanza.

Kuhusu fedha, halmashauri zimeelekezwa kutenga Sh 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 5 kwa ajili ya lishe. Nenda kwa afisa lishe wa halmashauri mapema, ukiwa na idadi ya watoto wa kijiji mkononi, uulize kilichotengwa kwa robo hiyo ya mwaka.

Tahadhari: usipokee ufadhili, mabango wala zawadi kutoka kwa wauzaji wa maziwa ya kopo ya watoto wachanga. Kanuni za nchi zinazuia kuyatangaza, na bango moja tu la maziwa hayo linabomoa kila utakachosema juu ya kunyonyesha.

## Hatua ya 1: Zunguka kaya kabla ya kuandika ujumbe

Chagua kaya 10 hadi 15 zenye mtoto wa chini ya miaka 2, katika vitongoji tofauti. Nenda na mhudumu wa afya anayefahamika. Salimieni, kaeni, msaidie hata kuchambua maharage kama ndiyo kazi iliyopo.

Uliza: "Jana, tangu kulipokucha, mtoto alikula nini?" Usiulize "huwa anakula nini?" Swali la pili litakupa jibu la kliniki, maana kila mama anajua linalotakiwa kusemwa. Swali la jana linakupa chakula chenyewe.

Kisha uliza mambo mawili ambayo hotuba nyingi huyaruka. La kwanza, nani anamlisha mtoto mama akiwa shamba? Mara nyingi ni bibi, au dada yake wa miaka 8. La pili, nani anaamua yai, maziwa au parachichi liuzwe au liliwe?

Umefaulu ikiwa unaweza kuandika sentensi moja ya aina hii: "Katika kijiji chetu watoto wa miezi 6 hadi 12 wanapewa uji mwepesi mara 2 kwa siku, na mayai yote yanaenda gulioni." Usiendelee na hatua ya 2 kabla sentensi hiyo haijapatikana.

## Hatua ya 2: Chagua jambo moja, mengine yasubiri

Siku moja haiwezi kubeba kunyonyesha, uji, vidonge vya damu, usafi, uzazi wa mpango na bustani za mboga kwa pamoja. Mama akisikia mambo 12 hafanyi hata moja, na wewe huna namna ya kujua kama umefanikiwa.

Jambo lenyewe liwe tendo linaloonekana. "Boresheni lishe ya familia" halionekani. "Uji wa mtoto uwe mzito, na kila siku uwe na kimoja kati ya yai, maziwa, dagaa, karanga au maharage" linaonekana, na ukipita nyumbani unaweza kulikagua.

## Hatua ya 3: Tarehe, saa na ruhusa

Tanzania ina utaratibu wa Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji kila robo ya mwaka. Usianzishe siku yako pembeni. Muone mtendaji wa kijiji, wenyeviti wa vitongoji na mganga mfawidhi wa zahanati, muiunganishe na siku hiyo. Utapata muuguzi, vifaa na uhalali kwa mkupuo mmoja. Ikiangukia Juni au Desemba, iunganishe na mwezi wa afya na lishe ya mtoto, ambapo watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini A na wale wa mwaka mmoja na kuendelea dawa za minyoo.

Epuka siku ya gulio, wiki za kupanda na wiki za kuvuna. Iringa na Njombe wakati wa masika, anza asubuhi na umalize kabla ya saa 7 mchana. Ni msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, na ukichelewa utakosa akina baba, au utawapata wasioweza kusikiliza.

Matangazo yapite kwa mabalozi wa nyumba kumi, baada ya ibada, kwenye jumuiya ndogondogo na kwenye vikao vya VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa. Gari la spika linajulisha kwamba kuna jambo. Jirani anayesema "twende wote" ndiye anayemtoa mtu nyumbani.

## Hatua ya 4: Waite wenye kauli juu ya chakula

Ukiita akina mama peke yao, umewaita watu wengi wasio na funguo za ghala. Mama mkwe anasema mtoto apewe maji akiwa na wiki 2 kwa sababu "ana kiu". Baba anapanga kuku auzwe lini. Huyo binti wa miaka 22 uliyemfundisha akirudi nyumbani atabishana na nani?

Wiki moja kabla, kaa na mabibi peke yao. Anza na wanayoyajua: miaka ile walikula mboga gani, mzazi alitunzwaje baada ya kujifungua, nani alimpikia. Katika mazungumzo hayo utapata mengi ya kusifu kwa dhati, kwa mfano kumpumzisha mzazi na kumtwangia mbegu za maboga kwenye mboga. Sifu hayo kwanza. Kisha muombe bibi mmoja mwenye heshima awe ndiye atakayesema mbele ya watu kwamba maziwa ya kwanza ya njano hayamwagwi, na kwamba mtoto hapewi hata maji hadi afikishe miezi 6. Neno hilo likitoka kwake lina uzito kuliko likitoka kwa muuguzi.

Wanaume waitwe na mwanaume mwenzao, kwa mwaliko wenye jukumu: "Tunahitaji baba wa kila kaya aje kupima urefu wa mtoto wake." Akina baba wengi huitwa ili walaumiwe, ndiyo maana hawaji.

Umefaulu ikiwa siku ya tukio angalau mtu mzima mmoja kati ya wanne si mama wa mtoto.

## Hatua ya 5: Ondoa aibu kabla ya kufungua mizani

Hapa ndipo kampeni nyingi zinapokufa bila waandaaji kujua.

Sehemu nyingi za Tanzania, mtoto akikonda, akichelewa kutembea au nywele zikigeuka nyepesi na nyekundu, watu husema amebemendwa: baba au mama ametoka nje ya ndoa, au wamerudiana mapema mtoto akiwa bado ananyonya. Pwani ya Kenya utasikia neno chirwa kwa maana inayokaribiana. Kwa hiyo mama mwenye mtoto aliyekonda akija kwenye mizani yako mbele ya kijiji kizima, machoni pa majirani amekuja kukiri uzinzi. Anabaki nyumbani. Unaopima ni watoto wenye afya, unaandika taarifa nzuri, na yule uliyemkusudia yuko ndani mlango umefungwa.

Fanya hivi.

Usibishane na imani hiyo jukwaani, na usiwacheke wazee. Ongea nao kando, siku za kabla. Muuguzi aeleze kwa upole kwamba mtoto aliyekonda hupona akipata chakula sahihi na matibabu, na kwamba tiba ni hiyo hiyo kwa kila mtoto, haijalishi majirani wanamsema nani. Aliyewahi kumuona mtoto wa namna hiyo akipona anaweza kulithibitisha.

Siku yenyewe, mtu wa kwanza kushika kipaza sauti aseme wazi: "Hapa tunapima chakula na ugonjwa. Habari za chumbani hatuulizi na hatutaki kuambiwa."

Kipimo kifanyike nyuma ya turubai, mzazi mmoja baada ya mwingine. Matokeo aambiwe mzazi peke yake. Usitaje jina kwa spika, usipange watoto "wazuri" upande huu na "wabaya" upande ule, usimwite mtoto yeyote mdumavu. Usipige picha ya mtoto aliyekonda kwa ajili ya taarifa wala makundi ya simu. Picha hiyo itamrudia mama yake kijijini kwa njia usiyoitegemea.

Imani hiyo ina mwana wake: mama akigundua ana mimba, anamwachisha mtoto ziwa ghafla kwa hofu kwamba maziwa yameharibika. Muuguzi aliseme hili pia. Mimba ikiwa haina matatizo, mtoto anaweza kuendelea kunyonya, mradi mama aongezewe chakula.

Umefaulu ikiwa wanaofika ni pamoja na watoto ambao mhudumu wa kitongoji alikuwa hajawaona kliniki kwa miezi.

## Hatua ya 6: Onyesha udumavu kwa fimbo mbili

Utapiamlo wa kukonda unaonekana. Udumavu hauonekani, kwa sababu pale ambapo nusu ya watoto ni wafupi, ufupi ndio hali ya kawaida. Takwimu hazisaidii hapa.

Inua fimbo ya sm 87. Eleza kwamba huu ndio urefu wa kati wa mtoto wa kiume aliyetimiza miaka 2, akiwa amesimama. Inua ya sm 81 pembeni yake: aliye chini ya hapa amedumaa. Kwa wa kike ni kama sm 86 na sm 79. Zisimamishe ardhini, waache watu wazizungukie, wazishike, wamsimamishe mjukuu wao pembeni wakipenda. Usimwite mtoto yeyote mbele. Fimbo hazina jina la mtu.

Swali litakuja mara moja: "Si ukoo wetu ni wafupi?" Jibu lipo. Viwango hivi vya Shirika la Afya Duniani vilitokana na watoto wa Ghana, India, Oman, Brazil, Norway na Marekani. Walionyonyeshwa na kulishwa vizuri walikua kwa kasi inayofanana mno katika umri huo mdogo. Ukoo una nafasi yake, ila hautoshi kueleza nusu ya watoto wa mkoa mzima.

Malizia kwa kueleza kwa nini ujumbe wako unalenga mimba na miaka 2 ya mwanzo. Hizo ni kama siku 1,000. Ubongo unakua haraka wakati huo, na kimo kilichopotea humo ni vigumu sana kukirudisha baadaye. Dakika 15 zinatosha kwa hatua hii yote.

## Hatua ya 7: Pima, na ujue la kufanya na kila rangi

Kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, utepe wa MUAC hufungwa katikati ya mkono wa kushoto, kati ya bega na kiwiko, mkono ukiwa umelegea. Usikaze hadi ngozi ijikunje, usilegeze hadi mwanga upite.

- Kijani, sm 12.5 na zaidi: mpongeze mzazi, mpeleke kwenye jiko la mafunzo.
- Njano, sm 11.5 hadi 12.4: ana utapiamlo wa kadiri. Ushauri wa ana kwa ana, jina daftarini, rufaa ya zahanati, na atembelewe nyumbani.
- Nyekundu, chini ya sm 11.5: utapiamlo mkali. Rufaa siku hiyo hiyo, asindikizwe.

Kisha bonyeza upande wa juu wa nyayo zote mbili, si chini zinapokanyagia, kwa kidole gumba, hesabu sekunde 3, achia. Kishimo kikibaki miguu yote miwili, ni uvimbe wa utapiamlo mkali, hata kama utepe umesoma kijani. Watu husema "huyu kanenepa". Mtoto huyo yuko hatarini, apelekwe siku hiyo.

Asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au asiyezinduka vizuri asisubiri foleni wala hotuba. Tafuta pikipiki mapema asubuhi, iwe imelipwa na inasubiri.

Tahadhari: mtoto akianzishiwa chakula dawa, chakula maalumu cha kutibu utapiamlo mkali, zahanati, kaya ielezwe kwamba ile ni tiba yake peke yake. Ikigawanywa kwa ndugu zake, hatapona.

## Hatua ya 8: Pika mbele yao, walishe hapo hapo

Jiko ndilo moyo wa siku, kwa hiyo lipe saa nzima na nusu. Wapishi wawe akina mama wa hapo. Muuguzi asimame pembeni.

Anzeni na uji. Pikeni sufuria mbili, mmoja mwepesi kama unavyopikwa kila siku, mwingine mzito. Inamisha kijiko cha kila mmoja. Mwepesi unamwagika, mzito unashika kijiko. Eleza sababu: tumbo la mtoto wa miezi 7 ni dogo, likijaa maji hakuna nafasi ya chakula. Kwenye ule mzito ongezeni kijiko kimoja cha karanga zilizosagwa, au yai lililopigwa mkikoroga hadi liive kabisa, au maziwa mkipunguza maji.

Kisha chakula cha kuponda. Viazi mviringo 2 vilivyochemshwa, nusu kikombe cha maharage yaliyoiva sana, fungu dogo la majani machanga ya maboga au mchicha yaliyokatwakatwa, kijiko kimoja cha mafuta, chumvi kidogo yenye madini joto. Maharage yapitishe kwenye chungio kwa mtoto wa chini ya miezi 9, maganda yabaki. Ponda vyote pamoja. Pembeni, parachichi lililopondwa, halipikwi wala haligharimu kuni. Njombe kuna kaya zinauza maparachichi gunia kwa gunia wakati mtoto hajawahi kuonja.

Onyesha kiasi kwa kikombe cha ml 250, maana "mpe cha kutosha" haina kipimo:

- Miezi 6 hadi 8: anza na vijiko 2 au 3, panda hadi nusu kikombe, mara 2 hadi 3 kwa siku.
- Miezi 9 hadi 11: nusu kikombe hadi robo tatu, mara 3 hadi 4.
- Miezi 12 hadi 23: robo tatu hadi kikombe kizima, mara 3 hadi 4, na kitu kidogo katikati kama tunda.

Kunyonya kunaendelea muda wote huo hadi miaka 2 au zaidi.

Walishe watoto hapo hapo, baada ya kunawa kwenye kibuyu chirizi. Kila mtoto na bakuli lake. Ukiwaacha wale kwenye sinia moja na kaka zao, mdogo hatapata kitu na mama hatajua alikula kiasi gani. Hakikisha baba mmoja au wawili wanalisha. Mtoto akikataa, wasubiri, wamuimbie, wajaribu tena bila kumkaba.

### Neno kuhusu unga wa lishe

Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu linawagharimu wazazi wenye nia njema. Unga wenye vitu 8, mahindi, ulezi, mchele, ngano, mtama, soya, karanga na dagaa vilivyosagwa pamoja, umekuwa alama ya mama anayejali. Mtoto hahitaji nafaka 5 ndani ya uji mmoja, kwa sababu zote zinafanya kazi ile ile. Nafaka moja na jamii ya kunde moja vinatosha.

Hatari zaidi ni karanga mbichi kusagwa na mahindi kisha kukaa miezi kwenye ndoo. Karanga na mahindi vikipata unyevu huota ukungu unaoacha sumukuvu, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Chambua punje moja moja, tupa zilizosinyaa na zenye ukungu, kausha juu ya turubai, na karanga zikaangwe na kusagwa kidogo kidogo, ziongezwe wakati wa kupika. Soya isiingie kwenye unga ikiwa mbichi. Ichemshwe, ikaushwe, ndipo isagwe.

Umefaulu ikiwa mama aliyepika anaweza kurudia maelezo yote kwa mwenzake bila kumtazama muuguzi.

## Hatua ya 9: Kaa na wajawazito na wanaonyonyesha peke yao

Tenga mkeka wao, mbali na spika. Maswali yao hayaulizwi mbele ya wakwe.

Vidonge vya kuongeza damu hutolewa kliniki, na vingi huishia juu ya kabati. Sababu wanazotoa ni tatu. Kinyesi kinakuwa cheusi, wakaogopa. Waambie ni kawaida, ni madini chuma. Vinaleta kichefuchefu. Wavimeze usiku baada ya kula. Vinamkuza mtoto, uzazi utakuwa mgumu. Hofu hii ya tatu ipe muda na usiikaripie, kwa sababu ndiyo inayowafanya wengine pia wapunguze kula au waache mayai. Muuguzi aeleze kwamba vidonge vinamkinga mama aliyepungukiwa damu asizidiwe akivuja damu wakati wa kujifungua.

Chai ya majani wakati wa mlo inazuia mwili kupokea madini chuma ya mbogamboga na maharage. Iachwe saa moja au mbili kabla na baada ya kula, na badala yake tunda, chungwa au pera.

Mjamzito aongeze mlo mmoja mdogo kwa siku, anayenyonyesha aongeze miwili. Hapa ndipo umwite mume au mama mkwe aje asikie, kwa ridhaa ya mama mwenyewe: mlo wa ziada bila kupunguziwa kuni, maji na jembe unaishia mgongoni.

## Hatua ya 10: Pata ahadi ndogo, kisha rudi nyumbani kwao

Kabla ya kuondoka, kila kaya itaje jambo moja itakalofanya, na lenye kiasi. "Tutajitahidi" haiandikwi daftarini. "Mayai 3 kila wiki ni ya mtoto, hayaendi gulioni", baba akiwa amesimama hapo, inaandikwa.

Ratiba ya kurudi iwe hivi:

- Waliopata nyekundu au uvimbe: ndani ya siku 2, kuhakikisha walifika kituoni.
- Njano: ndani ya wiki moja, kisha kila baada ya wiki 2.
- Wengine wote: mara moja ndani ya mwezi.

Ukifika, uliza swali lile lile la "jana". Omba kuona uji. Kama ahadi haijatimia, uliza ni nini kimezuia, kisha nyamaza usikie. Huenda kuni zimeisha, huenda kuku wamekufa kwa kideri, huenda mama analala shambani wiki nzima na uji unapikwa na binti mdogo. Kila kimoja kina jibu lake, na hakuna kinachotibiwa kwa kurudia hotuba. Kuku wachanjwe kideri. Binti afundishwe kupika uji mzito.

Umefaulu ikiwa baada ya mwezi, zaidi ya nusu ya kaya ulizozitembelea zinatoa jibu la "jana" tofauti na lile la hatua ya 1. Ikiwa ni chini ya hapo, usibadilishe ujumbe kwanza. Angalia ni nani hakuja.

## Hatua ya 11: Peleka matokeo kwenye mkutano mkuu wa kijiji

Andika namba 4 kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji, bila jina la mtoto yeyote: waliopimwa, njano, nyekundu, na waliofika zahanati kati ya waliopewa rufaa. Namba ya mwisho ndiyo yenye maana zaidi, na ndiyo inayofichwa zaidi. Rufaa 6 na waliofika 2 maana yake barabara, nauli au aibu bado vimesimama njiani, na mkutano una uwezo wa kulizungumzia hilo.

Wakuu wa mikoa wametia saini mikataba ya lishe na Serikali, na utekelezaji wake unafuatiliwa hadi ngazi ya kijiji. Mkumbushe mtendaji kwamba taarifa yako inamsaidia yeye. Omba maazimio ya kuandikwa kwenye muhtasari: mfuko wa nauli ya rufaa, mahindi na maharage ya shamba la kijiji kwa uji wa watoto wakati wazazi wako shambani, siku ya kuchanja kuku.

Kabla mkutano haujafungwa, tarehe ya siku ya lishe ya robo ijayo itajwe, na mhudumu wa kila kitongoji aondoke na orodha ya kaya zake za njano na nyekundu za kutembelea wiki hiyo.